Mwangaza wa mapendo katika "Mabepari wa Venisi"

Mwaka 1969 Rais Julius Nyerere wa Tanzania alitoa Mabepari wa Venisi, mchezo wa Shakespeare alioutafsiri kwa Kiswahili. Sisi huku Sakania tunaupendea usiku wake. Jessica anamtoroka baba yake Shylock, amevaa kama kijana mwanaume, na mchumba wake Lorenzo anataka abebe mwenge. Anaona haya: mwanga utamfichua! Mapendo yake yangali yanataka giza. Baadaye, kule Belmont, wawili hao wanakaa chini ya mbalamwezi wakitajiana wapenzi wa zamani, karibu wote wa mwisho mbaya. Njo pale Portia anarudi kwake, anaona mshumaa, ao buji, ukiwaka. Wengi wanasifu mbalamwezi. Sisi tunachagua buji ile ya nyumbani, ambayo mwezi uking'aa haionekani.