Athari za hatua za kudhibiti UVIKO-19 kwa magonjwa mengine ya njia ya hewa

Athari za hatua za kudhibiti UVIKO-19 kwa magonjwa mengine ya njia ya hewa ni mabadiliko yaliyoonekana katika maambukizi ya mafua, nimonia na kifua kikuu tangu mwaka 2020. Barakoa, kunawa mikono, kuepuka msongamano na kufunga shule hukata njia ambazo virusi vingi hutumia kusambaa.

Nchini Tanzania mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa Machi 16, 2020, na kesho yake serikali ikaagiza shule zifungwe. Agizo hilo lilihusu nchi nzima. Shule zilifunguliwa tena Juni 29, 2020. Ndoo za maji tiririka na vibuyu chirizi vilienea sokoni, kanisani, msikitini na vituoni.

Duniani, homa ya mafua ilipungua sana mwaka 2020 na 2021. Aina ya virusi vyake iitwayo B/Yamagata haijathibitishwa kuonekana tangu Machi 2020. Virusi vya RSV, vinavyoshambulia zaidi watoto wachanga, vilipungua kisha vikarudi nje ya msimu wake katika nchi kadhaa, kwa kuwa watoto wengi hawakuwa wamejenga kinga. Virusi vya mafua ya kawaida viliendelea kusambaa, kwani huhimili vitakasa mikono vyenye kileo.

Kifua kikuu kilipata pigo tofauti. Huduma zilipovurugika, wagonjwa wapya waliogunduliwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020, na vifo vikaongezeka.