Samani za Kale na za Kisasa katika Nyumba za Kilosa na Mikumi

Kuchanganya samani za kale na za kisasa katika nyumba moja, jambo ambalo leo huzungumzwa kana kwamba limebuniwa na wapambaji wa mijini, kuna historia ndefu katika Wilaya ya Kilosa, na historia hiyo haikuanzia kwenye urembo bali kwenye njia. Kila njia iliyopita katika bonde la mto Mkondoa, iwe ya misafara, ya reli au ya lami, ilileta vyombo vyake, na vile vilivyotangulia havikutupwa bali vilisogezwa kutoka mahali pa heshima kwenda chumbani, jikoni au uani.

Wakati wavumbuzi wa Kizungu Burton na Speke walipopita Usagara, nchi ambamo Kilosa ya leo imo, mwaka 1857, na Stanley baada yao mwaka 1871, nchi hiyo ilikuwa kituo muhimu cha njia kuu ya misafara kati ya pwani na Tabora. Kiti cha mwenye mamlaka kilikuwa kigoda, na miongoni mwa jamii kadhaa za sehemu hizo na za jirani, wakiwamo Waluguru, Wakaguru na Wanyamwezi, kilikuwapo kigoda cha miguu mitatu chenye egemeo refu lililochongwa, ambacho hakikuwa cha kukaliwa na kila mtu. Misafara ilikuja na mitindo ya pwani, ukiwamo wa kasha, yaani sanduku la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba, na wa kitanda cha kamba, ambacho kilienea hata katika nyumba za watu wa kawaida kwa sababu fundi wa kijijini aliweza kukitengeneza bila kuagiza chochote kutoka mbali.

Muundo wa kitanda hicho unafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndicho samani iliyopokea mabadiliko mengi kuliko zote. Kina matendegu manne, yaani miguu, ambayo huunganishwa na mifumbati miwili ya ubavuni na vitakizo viwili, kimoja kichwani na kimoja miguuni. Ncha za miti hiyo huchongwa ndimi zinazoingia katika matundu ya matendegu, kisha fundi hukiwamba kwa kamba zilizovutwa kwa nguvu, na ni mvuto huo wa kamba, zaidi ya msumari au gundi, unaokaza viungo vyote. Pwani kamba zilitokana na makumbi ya nazi au ukindu, lakini katika nchi ya mkonge kama Kilosa na Kimamba, katani ilipatikana karibu zaidi.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na katikati ya safari hiyo Kilosa ikawa mji wa stesheni, wa maduka ya Wahindi na wa mashamba ya walowezi. Pamoja na ofisi zikaja samani za ofisi: meza zenye saraka, makabati ya vioo, vitanda vya chuma na viti vya mikono. Mafundi seremala waliiga maumbo hayo kwa mninga na mvule, nao hawakuyaiga kwa upofu, kwani mninga husinyaa kidogo sana ukikauka na mvule hauliwi na mchwa kwa urahisi, sifa ambazo katika hali ya hewa ya Kilosa zina thamani kuliko nakshi yoyote. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ilipanga mchanganyiko huo kwa daraja: kiti cha mikono na kabati vilikaa mbele ambako mgeni aliviona, kitanda cha kamba kilikaa ndani, na kigoda kikaenda jikoni.

Upande wa Mikumi mambo yalichelewa, kisha yakaenda mbio. Tawi la reli kutoka Kilosa lilifika huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ikaanzishwa mwaka 1964, na barabara ya kwenda Iringa na Zambia ikaigeuza Mikumi kuwa mji wa malori na nyumba za wageni. Baada ya masharti ya biashara ya nje kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, viti vya plastiki, godoro la sponji na kabati la mbao za kushindiliwa, yaani zilizotengenezwa kwa vumbi la mbao na gundi, vikaingia kwa wingi. Godoro la sponji halikai vizuri juu ya kamba zilizolegea, kwa hiyo mafundi waliziondoa kamba na kupigilia chaga, yaani mbao nyembamba za kubebea godoro, huku matendegu ya zamani yakibaki. Kabati la kushindiliwa, kwa upande wake, huvimba likinywa maji, na katika wilaya iliyokumbwa na mafuriko makubwa ya Mkondoa kati ya Desemba 2009 na Januari 2010, udhaifu huo si jambo dogo.

Siku hizi daraja limepinduka. Katika hoteli za kitalii kigoda na kinu, vilivyokuwa vimesukumwa jikoni, huwekwa mapokezini kama mapambo, na huenda treni za reli ya kisasa, ambazo zilianza kupita Kilosa na abiria mwaka 2024, zikaongeza soko la mtindo huo. Hata hivyo, kigoda cha mapokezini kimerudishiwa heshima bila kurudishiwa kazi, ilhali kitanda cha mninga kilichopigwa chaga bado kinalaliwa na bado kinatengenezeka. Kati ya viwili hivyo, ni kitanda hicho kinachoendeleza desturi ya Kilosa. Kigoda cha hotelini ni pambo tu.