Doa la Godoro na Aibu ya Mtoto



Ukipita Shangani asubuhi, mtaa huu wa pwani ya mji wetu wa Mtwara, si ajabu kuliona godoro limeegemezwa ukutani, doa lake limeelekezwa barabarani kama ramani. Pengine kando yake amesimamishwa mtoto. Wapita njia wanacheka, wenzake wanamwimba, na mzazi anaamini kwamba amefundisha adabu. Wiki hii nataka tulizungumzie godoro hilo. Doa lake lina historia, na anayeijua historia hiyo atajua namna ya kulitoa bila kumdhalilisha mtu.

Bibi zetu hawakuwa na tatizo hili. Walilalia kitanda cha kamba, kile tulichokiita kwa utani "teremka tukaze". Kamba zake zilitokana na makumbi ya nazi, ambayo wanawake wa pwani waliyafukia kwenye tope la bahari kwa miezi kadhaa, wakayafukua na kuyaponda hadi yakatoa usumba wa kusokota. Juu yake ulitandikwa mkeka wa ukindu. Mtoto akikojoa, mkojo ulipenya kwenye kamba ukaishia sakafuni. Alfajiri mama alimwaga maji, akausugua mkeka na kuuanika, na kabla jua halijapanda ushahidi wote ulikuwa umekwisha. Sisemi kwamba watoto wa zamani hawakuchekwa. Ninasema kwamba aibu yao ilikauka pamoja na mkeka.

Likafuata godoro la sufi. Sufi ina nta ya asili, haipendi maji, na ndiyo maana mabaharia waliwahi kuitumia kujazia majaketi ya kuokolea maisha. Godoro hilo likichafuka lilifumuliwa. Kitambaa kilikwenda kwenye karai la kufulia, sufi ikamwagwa juani juu ya jamvi, ikachapwa kwa fimbo, ikachambuliwa na kurudishwa ndani. Kazi ilikuwa kubwa, lakini godoro lilifunguka, na kilichofunguka kilisafishika.

Hapa Shangani magodoro yana habari yake. Mwaka 1947 Waingereza walianza ule mpango wao mkubwa wa karanga, na Mtwara ikachaguliwa kuwa bandari ya kuzisafirishia. Nyumba za maofisa wa Kizungu zikajengwa huku Shangani, upande wa upepo wa bahari. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951, bandari ikafunguliwa mwaka 1954 karanga zikiwa hazipo, na reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kitanda cha chuma na godoro havikuondoka na reli. Vilibaki kuwa alama ya mtu mwenye kazi ya mshahara.

Kisha likaja godoro la sponji. Wataalamu wa Ujerumani, wakiongozwa na Otto Bayer, ndio waliovumbua kemikali zake mwaka 1937, na sponji laini ikaanza kuuzwa duniani katika miaka ya 1950. Ni jepesi na la bei nafuu, likaingia kila nyumba. Ila lina kasoro moja: halifumuliwi. Linachokinywa linakihifadhi. Ndipo doa la usiku mmoja lilipogeuka kuwa shahidi wa miaka kumi.

Wenye umri wangu wanakumbuka pia miaka ya mwanzoni mwa 1980, sabuni ilipokuwa bidhaa adimu, hadi marehemu Sokoine akaendesha vita dhidi ya wahujumu uchumi mwaka 1983. Watu walifulia majani ya mpapai. Vijana wakisikia hucheka, lakini utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachovunjavunja protini, kilekile kinacholainisha nyama ngumu, na damu ni protini. Shida ilitufundisha sayansi bila sisi kujua.

Sasa tuingie chumbani. Doa la damu linataka maji baridi. Maji ya moto huipika damu ikashika kama yai kwenye sufuria. Paka chumvi iliyoloweshwa kidogo, iache, kisha futa kwa kitambaa kibichi kutoka ukingoni kuelekea katikati, ili doa lisitambae.

Mkojo unataka haraka. Kandamiza kwa kitambaa kikavu hadi kisinywe tena, usisugue. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, nyunyiza kidogo, kandamiza tena, halafu simamisha godoro penye upepo. Usilimwagie ndoo ya maji, kwa kuwa sponji iliyolowa huchukua siku nyingi kukauka na kuota ukungu, hasa kwetu ambako mvua huanza Novemba au Desemba ikaendelea hadi Aprili. Wala usiliache juani kutwa baada ya kutwa. Sufi ililipenda jua, lakini sponji hubadilika rangi na kumomonyoka.

Doa la bibo ni balaa la watu wa korosho. Wahi na maji na limau likiwa bado bichi. Likishakauka usijidanganye, tandika shuka, maisha yaendelee.

Jambo moja nalisema kwa mkazo. Msimwage Jik juu ya mkojo, na msiichanganye na siki. Hewa inayotoka hapo ni sumu, huchoma macho na mapafu, na katika chumba kilichofungwa yaweza kumpeleka mtu hospitali. Doa halistahili gharama hiyo.

Namrudia yule mtoto ukutani. Madaktari wanatueleza kwamba katika watoto 100 wa miaka mitano, kama 15 hivi bado hukojoa kitandani, kwamba jambo hili hufuata ukoo, na kwamba mtoto hafanyi kwa makusudi. Huenda basi baba anayeshika fimbo naye alikuwa hivyohivyo, ila mkeka wa bibi ulimfichia siri. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi mwenzangu, kitanda hiki ulikilalia.

Chukua plastiki, itandike chini ya shuka. Mwamshe mtoto akojoe kabla wewe hujalala. Likichafuka, safisha mapema, anika uani nyuma ya nyumba, kisha mpeleke shule kama wenzake. Akiendelea akiwa mkubwa, au akianza upya baada ya kuacha, mpelekeni kwa daktari, wala si barabarani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.