Sahani Kumi, Wateja Mia: Historia ya Ile Orodha Kwa Simu Yako

Wasee, leo tunapiga historia, lakini si ile ya wafalme na vita. Ni historia ya kitu unachogusa kila siku bila kukiona.

Ingia kwa jumbe zako uskroli hadi za mwaka jana. Unadhani simu imepanga jumbe zote 3,000 hapo chini zikikungoja? Zii. Skrini yako inabeba labda mistari kumi. Simu inatengeneza hiyo kumi na chache za akiba, basi. Mstari ukipotelea juu, unafutwa maandishi, unawekwa mapya, unarudishwa chini. Unaona watu mia, kumbe ni seli zilezile zinazunguka.

Hii unaijua tayari kama unakula kibandaski. Mama ana sahani kumi na saa saba mchana analisha watu mia. Hanunui sahani mia. Ukimaliza madondo yako, sahani inaoshwa, mwingine anapakuliwa.

Sasa turudi nyuma. Januari 9, 2007, Steve Jobs alisimama San Francisco akaonyesha iPhone ya kwanza. Aliposukuma orodha ya wanamuziki kwa kidole na ikateleza, ukumbi ulishtuka. Hakuna aliyezoea hivyo. Lakini simu yenyewe ilikuwa na memori ya megabaiti 128 pekee, ya kugawana na kila kitu. Huku kwetu, Machi mwaka huohuo, M-Pesa ilikuwa inaanza ikiwa menyu ya maandishi kwenye laini.

App Store ilifunguliwa Julai 2008 ikiwa na apu kama 500. Waandishi wa apu walipewa kifaa cha orodha kinachoitwa UITableView, na ndani yake amri yenye jina refu kama treni: dequeueReusableCellWithIdentifier. Tafsiri ya mtaani: "Kuna seli ya aina hii imeshatumika? Nipe." Ikiwepo, unaijaza upya. Isipokuwepo, ndio unatengeneza nyingine.

Shida ilianza watu walipotaka seli za mtindo wao. Picha kushoto, jina kwa herufi nzito, ujumbe chini yake, saa kule kulia. Kila kipande kilikuwa tabaka lake, na simu ilibidi iyachanganye matabaka yote huku kidole kinasukuma. Ili mwendo uwe laini, skrini inachorwa mara 60 kwa sekunde. Hiyo ni milisekunde 16 hivi kwa kila mchoro. Ukizidisha hapo, orodha inakwama-kwama na mtu anafuta apu yako.

Hapo ndipo anaingia Loren Brichter, jamaa aliyekuwa ameacha kazi Apple akajitegemea. Mwaka 2008 alitoa Tweetie, apu ya kusoma Twitter. Badala ya kupachika vipande vingi, alichora seli nzima kama picha moja: jina, ujumbe, saa, vyote kwa mkupuo. Ikateleza kama mafuta. Halafu akawaeleza wengine bure jinsi alivyofanya. Aprili 2010 Twitter wakainunua Tweetie.

Android nao walikuwa na mbinu hiyohiyo tangu 2008. ListView ilikurudishia mstari wa zamani uutumie tena, lakini ungeweza kuupuuza ukaunda mpya kila mara. Mwaka 2014 Google wakaleta RecyclerView, na hapo kutumia tena kukawa sheria. Mwaka huo Apple nao wakaruhusu seli ijipimie urefu kulingana na maandishi yake. Kabla ya hapo ulikuwa unapiga hesabu hiyo mwenyewe.

Mbona nakusumbua na haya? Kwa sababu yanatuhusu. Karibu 2011, simu ya Huawei IDEOS iliuzwa hapa kwa kama shilingi 8,000, na kwa Wakenya wengi ndiyo iliwaingiza kwa intaneti ya kuskroli. Simu ndogo kama ile isingeweza kubeba orodha ndefu bila ujanja wa sahani kumi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na haya niliyasoma mwenyewe usiku kwa bando. Kila nikiyarudia naona jambo moja: umaskini wa memori ndio ulizaa kazi safi.

Lakini sahani isipooshwa, mteja anakuta mabaki. Seli ikirudi bila kusafishwa, unaona picha ya mtu mwingine kando ya jina lako. Kwa apu ya utani utacheka. Kwa apu ya pesa, alama ya "imelipwa" ikibaki kwa mstari wa mtu ambaye hajalipa, mwenye duka anatoa mzigo bure. Apple waliweka hatua ya kuosha, prepareForReuse. Mwandishi mvivu anairuka.

Na kuna upande mwingine. Orodha ikishakuwa ya bei rahisi kwa simu, haina sababu ya kuisha. Brichter huyohuyo ndiye alileta ile ya kuvuta chini upate mapya, na baadaye alisema hadharani kwamba inateka watu. Mama wa kibandaski atakwambia chakula kimeisha, nenda nyumbani. Orodha haitakwambia.

Kwa hivyo wewe unayejifunza kuandika apu, fanya mambo mawili. Ijaribu kwa simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima, si ile ya rafiki yako mwenye pesa. Na mahali fulani kwa hiyo orodha, weka mwisho.