NOVATUS DISMAS: Kiungo wa Bongo aliyefika Ligi ya Mabingwa Ulaya bila kupita Simba wala Yanga

Kwenye vibanda umiza vya Majengo na Pasua hapa Moshi, ubishi wa soka una pande mbili tu: Simba au Yanga. Mchezaji ambaye hajavaa jezi nyekundu wala ya kijani, kwa wengi bado hajafika popote. Ndio maana kuna jina ambalo huwa tunalikumbuka Taifa Stars ikicheza, mechi ikiisha tunalisahau: Novatus Dismas Miroshi. Leo tumpe haki yake, maana safari ya huyu jamaa ina kitu ambacho kila dogo anayepiga mpira mtaani anatakiwa akijue.

Chamazi mpaka Musoma

Novatus amezaliwa 2002. Kisoka amelelewa Azam FC, pale Chamazi, Dar. Azam siyo timu ya wazee wetu, imepanda Ligi Kuu mwaka 2008 tu. Lakini ilifanya kitu ambacho wakongwe walikuwa hawajafanya: ilijenga uwanja wake yenyewe na ikawekeza kwenye vijana. Msimu wa 2013/14 ikabeba ubingwa bila kufungwa hata mechi moja.

Sasa kupata namba kwenye timu kama hiyo ukiwa dogo, tena kiungo mkabaji, siyo mchezo. Novatus akapelekwa kwa mkopo Biashara United ya Musoma. Hebu fikiria, unatoka kwenye nyasi za Chamazi unapelekwa Mara ukacheze na timu ndogo. Wengi wangeona wametupwa. Yeye alienda akacheza.

Watu wa Moshi hapa tujitazame kidogo. Polisi Tanzania yetu ilikuwa Ligi Kuu kuanzia 2019 mpaka iliposhuka 2023, na mechi za nyumbani zilikuwa Uwanja wa Ushirika. Tukisikia inakuja Simba au Yanga, uwanja unafurika. Tukisikia ni Biashara, tunabaki nyumbani. Kumbe hizo timu tulizoziona za kujaza ratiba ndizo zilizokuwa zinapika wachezaji.

Israel: ligi ambayo hakuna anayeiangalia

Baada ya Azam akaenda Maccabi Tel Aviv, moja ya klabu kubwa kabisa Israel. Habari nzuri, watu wakashangilia mtandaoni. Halafu kimya. Sababu ya ukimya ni kwamba alipelekwa tena kwa mkopo, safari hii Beitar Tel Aviv Bat Yam, timu ya daraja la pili. Ugenini, lugha huijui, na mechi zako hakuna kibanda umiza hata kimoja Tanzania kinachozionyesha.

Hapa ndipo naomba tuongee ukweli. Namfahamu mshkaji mmoja wa Pasua, namba sita safi kabisa, anakaba halafu anajua pa kuupeleka mpira. Aliitwa na timu ya daraja la chini mkoa mwingine, akagoma. Alikuwa anasubiri simu ya Kariakoo. Simu haikuja mpaka leo. Sasa anaendesha bodaboda, kazi halali na inamlisha, lakini kila akimwona Novatus na jezi ya Stars anabadilisha stori. Tofauti yao, kwa ninavyoona mimi, haikuwa kipaji peke yake. Mmoja alikubali kucheza mahali ambapo hakuna anayemtazama.

Ubelgiji, halafu bahati ya ajabu

Mwaka 2022 Novatus akatua Zulte Waregem ya Ubelgiji. Ligi hiyo Wabongo tunaijua kwa sababu ya Mbwana Samatta, aliyeenda Genk Januari 2016 na kubeba nayo ubingwa msimu wa 2018/19. Kwa Novatus mambo hayakuwa matamu hivyo: msimu wa 2022/23 ulipoisha, Zulte Waregem ilishuka daraja.

Kwa hesabu za kawaida stori ingeishia hapo. Lakini Septemba 2023 akachukuliwa kwa mkopo na Shakhtar Donetsk ya Ukraine, timu ambayo msimu huo ilikuwa Ligi ya Mabingwa Ulaya, kundi moja na Barcelona, Porto na Antwerp. Kutoka timu iliyoshuka daraja mpaka kundi la Barcelona, ndani ya miezi michache!

Iliwezekanaje? Vita. Shakhtar haijacheza nyumbani kwake Donetsk tangu 2014. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, FIFA iliruhusu wachezaji wa kigeni kusimamisha mikataba yao na klabu za huko, na Shakhtar iliyokuwa imejaa Wabrazili ikabaki na mapengo. Mechi zake za nyumbani za Ligi ya Mabingwa msimu ule zilichezwa Hamburg, Ujerumani. Za ligi ya ndani zilichezwa Ukraine kwenyewe, ambako king'ora cha mashambulizi kikilia mpira unasimama na wachezaji wanaingia kwenye mahandaki. Mahali ambapo wengine walipakimbia, Novatus aliingia. Akacheza Ligi ya Mabingwa, mashindano ambayo Samatta alishayacheza akiwa na Genk mwaka 2019. Na hakuchagua nafasi: leo kiungo mkabaji, kesho beki wa kushoto, sawa tu. Msimu ule Shakhtar iliifunga Barcelona 1-0 kule Hamburg, na mwisho ikabeba ubingwa wa Ukraine.

Siyo malaika

Tusimpambe kupita kiasi. AFCON iliyochezwa Ivory Coast, Januari 17, 2024, Stars ilipigwa 3-0 na Morocco, na Novatus alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha pili. Mitandaoni alichambwa siku nzima. Lakini miezi michache baadaye alisajiliwa Göztepe ya Izmir, Uturuki, iliyokuwa ndiyo imepanda Ligi Kuu ya huko. Kumbe kadi moja haimfuti mtu.

Hakuwa wa kwanza

Njia hii ina wazee wake. Sunday Manara, yule waliyemwita Computer, alitoka Yanga miaka ya 1970 akaenda Heracles ya Uholanzi, enzi ambazo hakuna intaneti wala video za kumtumia kocha. Nizar Khalfan wa Mtwara alifika Vancouver Whitecaps ya Kanada mwaka 2009 na alikuwepo walipoingia MLS 2011. Himid Mao alitoka Azam hiyohiyo akaenda Petrojet ya Misri mwaka 2018. Karibu wote walipita ligi ambazo sisi hatuziangalii.

Ndio hoja yangu kwa madogo wa Moshi, Machame, Kibosho mpaka Marangu. Polisi Tanzania ilishuka mwaka 2023. Ukisema unasubiri Kariakoo ije ikutafute huku mlimani, utasubiri sana. Timu ya Musoma ikikuita, nenda. Daraja la pili la nchi usiyoijua, nenda, ila mkataba usomwe na mtu anayeelewa, na ukiona wakala anataka umlipe hela kwanza ndio akupeleke majaribio, kimbia. Kocha akikuambia leo ucheze beki, cheza.

Na sisi mashabiki tuna deni letu. Timu ndogo ikija mjini, twende uwanjani. Yule namba sita asiyejulikana jina, labda keshokutwa tutakuwa tunamtafuta kwenye ving'amuzi.

Haya, niambie wewe: ungekuwa Novatus mwaka 2023, simu inaita kutoka nchi yenye vita, ungepokea?