Kutoka Uhuru Hadi Uhura: Safari ya Neno Letu Angani

Wengi wetu tuishio ughaibuni tumeshaulizwa na wenyeji wetu: je, Uhura wa Star Trek ni jina la Kiswahili? Jibu fupi ni ndiyo, na pia siyo. Jibu refu lina historia ndani yake, nayo inafaa kusimuliwa, maana watoto wetu wanalijua jina hilo kabla ya kujua lilikotoka.

Mwaka 1962 mwandishi wa Kimarekani Robert Ruark alitoa riwaya iitwayo Uhuru, juu ya Kenya iliyokuwa ikikaribia kujitawala. Siku hizo neno hilo lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Tanganyika ilikwisha jitawala Desemba 1961, Uganda ikafuata Oktoba 1962, kisha Zanzibar na Kenya Desemba 1963. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba alikibeba kitabu hicho siku alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya mchezo mpya wa televisheni. Gene Roddenberry, mtunzi wa mchezo huo, akalipenda neno. Nichols akashauri lilainishwe mwisho wake, na hapo akazaliwa Luteni Uhura.

Tazameni kilichotokea. Katika lugha nyingi za Ulaya, irabu ya "a" mwishoni humfanya mtu kuwa mwanamke. Kiswahili hakina desturi hiyo. Kwetu shina ni "huru", lenye asili ya Kiarabu, na "u" ya mwanzo ndiyo inayoligeuza kuwa hali ya kuwa huru. Ukibadilisha irabu ya mwisho, umelikata shina lenyewe. Kwa hiyo "uhura" ni jina zuri la mtu, lakini kwa Kiswahili halina maana.

Hata hivyo, tusiharakishe kulaumu. Mchezo ulipoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, kipindi cha kwanza kilimwonyesha Uhura akizungumzishwa kwa Kiswahili. Desemba ya mwaka huo huo Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, ambayo maneno yake ni ya Kiswahili. Wengi wa mababu wa Wamarekani Weusi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, si pwani yetu. Lakini walikuwa wakitafuta lugha ya Kiafrika isiyo ya kabila moja, na wakaiona kwetu. Nichols alipotaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, Dk. Martin Luther King alimsihi abaki, kwa kuwa hapo ndipo watazamaji walipomwona mwanamke mweusi akiwa afisa mwenye madaraka, si mtumishi wa ndani. Akabaki. Kuanzia 1977 alisaidia NASA kuwavuta wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga.

Vitabu navyo vilifuata. James Blish alianza mwaka 1967 kuvigeuza vipindi vya televisheni kuwa hadithi fupi, na 1970 akatoa riwaya yake mwenyewe. Vitabu vya namna hii hudharauliwa na wasomi, huonekana ni biashara tu. Lakini mwaka 1985 ilitoka Uhura's Song, yaani Wimbo wa Uhura, riwaya ya kwanza ya Janet Kagan (1946–2008), na hiyo inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Katika riwaya hiyo, viumbe wanaofanana na paka wanakufa kwa tauni isiyo na dawa, na ugonjwa unawafikia na binadamu. Zamani Uhura alibadilishana nyimbo na rafiki yake mmoja wa kabila hilo, Sunfall. Baadhi ya nyimbo hizo za kale ni mwiko kuimbwa hadharani. Kumbe ndani yake mna habari za sayari ya asili ambayo wazee wao waliiacha kwa aibu, na ambayo wajukuu hawaijui tena. Kwa kuzifuata nyimbo, merikebu inaifikia sayari hiyo ili kutafuta tiba.

Msomaji wa ughaibuni ataelewa mara moja. Sisi nasi tuna nyimbo za harusini, za kubembeleza watoto, na nyingine ambazo wazee hawataki kuziimba kwa sababu zinagusa mambo yaliyowafanya wahame. Tukinyamaza, mtoto anarithi ukimya, na siku atakayohitaji kujua njia ya kwao hatakuwa na wa kumwuliza. Kagan hakuwa Mswahili, lakini alionyesha waziwazi kwamba wimbo si pambo tu. Ni daftari la watu wasiokuwa na daftari.

Nichols alifariki tarehe 30 Julai 2022. Jina la kwanza la Uhura, Nyota, lilitajwa na mwandishi William Rotsler mwaka 1982, na likasikika katika sinema mwaka 2009. Safari hii neno halikuguswa: nyota ni nyota. Basi mtoto akikuuliza maana ya Nyota Uhura, mweleze yote mawili, lile lililobaki zima na lile lililobadilishwa. Kisha mwimbie ule wimbo ambao nyumbani hauimbwi.