Kamera Mikononi mwa Wanafunzi: Miaka Mia ya Somo Lililobezwa

Mwaka 1926, katika mji wa Altrincham ulio jirani na Manchester, mwalimu wa sekondari aliyeitwa Ronald Gow aliwatoa wavulana wake darasani, wakaigiza maisha ya watu wa kale huku kamera ya sinema ikizunguka. Filamu waliyoitengeneza iliitwa The People of the Axe. Mwaka 1928 walitengeneza nyingine, The People of the Lake, kuhusu watu waliojenga makazi yao juu ya maji. Gow baadaye aliacha ualimu akawa mwandishi wa tamthilia, na tamthilia ya Love on the Dole ikampa jina kubwa katika miaka ya 1930. Lakini alipokuwa Altrincham alikuwa mwalimu tu, mwenye kamera na vijana waliotaka kujua sinema inavyotengenezwa.

Naanza na Gow kwa kusudi. Wengi wanaosimulia historia ya somo la vyombo vya habari katika shule za Uingereza huanzia kitabu kilichotoka Cambridge mwaka 1933, kwa hiyo somo hilo linaonekana kuwa mtoto wa hofu. Ukianzia Altrincham unaona kwamba mikono ya wanafunzi ilitangulia. Hofu ilikuja baadaye, na miaka karibu mia iliyofuata imekuwa mvutano baina ya mambo hayo mawili: kumpa kijana kamera, au kumwonya dhidi yake.

Kitabu hicho cha Cambridge kiliitwa Culture and Environment. Kiliandikwa na mhakiki wa fasihi F. R. Leavis pamoja na Denys Thompson, aliyekuwa mwalimu wa shule. Waliona kwamba viwanda vimeua maisha ya zamani ya kijijini, na kwamba matangazo ya biashara, magazeti ya bei nafuu na sinema vinapotosha ladha ya vijana. Dawa yao ilikuwa kumfundisha mwanafunzi kupambanua. Wakajaza kitabu mazoezi: chukua tangazo hili, litazame maneno yake, ueleze linamchezea msomaji kwa njia gani. Wataalamu wa baadaye waliuita mtazamo huo chanjo, yaani mtoto anapewa ugonjwa kidogo ili asije akaugua.

Tuwatendee haki. Leavis na Thompson walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulileta tangazo la sabuni darasani na kulichambua kwa makini yaleyale yanayopewa shairi. Ila katika kitabu kizima jibu lilikuwa limeshapatikana kabla ya swali kuulizwa. Kijana hakuulizwa anapenda nini katika sinema na kwa nini. Alifundishwa kuikataa.

Mwaka huohuo wa 1933 ilianzishwa Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI. Hapa historia hii inaingia Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani na kwa msaada wa BFI na Wizara ya Makoloni, uliendeshwa mradi wa kutengeneza sinema za kuelimisha Waafrika, ujulikanao kama Bantu Educational Kinema Experiment. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham. Filamu zipatazo 35 zilitengenezwa, zikapewa maelezo kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, kisha zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waafrika waliigiza, Wazungu wakaamua nini kionyeshwe. Katika kitengo cha filamu za kikoloni kilichoanzishwa mwaka 1939, William Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha za polepole, zisizokatwakatwa, kwa kuwa eti hawezi kuzifuata nyingine.

Ninayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu mzizi wake ni mmoja. Mtoto wa mfanyakazi wa Manchester alidhaniwa kuwa dhaifu mbele ya skrini, na mkulima wa Usambara akadhaniwa dhaifu zaidi. Wote wawili walitakiwa walindwe au waongozwe. Hakuna kati ya walinzi na waongozaji hao aliyedhani kwamba wangeweza kushika kamera wakasema la kwao.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo yalianza kubadilika, na mabadiliko hayo yalitoka madarasani. Sheria ya Elimu ya 1944 ilikuwa imefanya elimu ya sekondari kuwa bure kwa watoto wote wa Uingereza, lakini mtihani wa umri wa miaka 11 uliwagawa: wachache wakaenda shule za kitaaluma, walio wengi wakapelekwa shule ambazo hazikutarajiwa kumfikisha mtu chuo kikuu. Walimu wa shule hizi za pili walikuwa na vijana waliochoshwa na fasihi ya kale lakini wanaoijua sinema kwa undani. Mwaka 1946 pekee Waingereza walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni 1.6. Mwalimu mwenye busara hakuweza kujifanya haoni. Mwaka 1950 baadhi yao waliunda chama cha walimu wa filamu, na mwaka 1959 kikaongeza televisheni katika jina na kazi zake.

Mmoja wa waliofundisha katika shule za aina hiyo, kusini mwa London mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa kijana wa Kijamaika aliyefika Oxford mwaka 1951 kwa ufadhili wa Rhodes. Jina lake Stuart Hall. Leo anatajwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima, na watu husahau kwamba alianza na vijana ambao mfumo ulikwisha kuwakatia tamaa. Mwaka 1964, pamoja na Paddy Whannel aliyesimamia elimu katika BFI, alichapisha kitabu cha The Popular Arts. Hoja yao ilivunja ukuta wa Leavis: kilicho bora na kilicho duni vyote vimo ndani ya sanaa za watu, kama vilivyomo ndani ya fasihi. Sauti ya Billie Holiday inastahili kusikilizwa kwa makini. Riwaya za upelelezi za Raymond Chandler zinastahili kusomwa kwa makini. Mwalimu asimwambie kijana aache anachokipenda. Amsaidie kutofautisha ndani ya anachokipenda. Kitabu kilikuwa na sehemu ya mapendekezo ya kazi za darasani, kwa maana kiliandikwa kwa ajili ya walimu.

Hata serikali ilisogea. Ripoti ya Newsom ya mwaka 1963, iliyochunguza elimu ya vijana wa uwezo wa kawaida na wa chini, ilitaka filamu na televisheni zifundishwe shuleni kama sanaa zinazostahili kuchambuliwa. Mwaka 1965 ulikuja mtihani mpya wa CSE, uliokusudiwa vijana haohao, nao ulikuwa na mlango usio wa kawaida: mwalimu aliruhusiwa kuandika muhtasari wake mwenyewe, kutunga mtihani na kuusahihisha, bodi ikikagua kiwango. Kupitia mlango huo somo la filamu, kisha la televisheni na vyombo vya habari kwa jumla, liliingia shule moja baada ya nyingine. Halikushushwa kutoka wizarani. Lilipandishwa na walimu waliokuwa na imani na wanafunzi wao.

Mwaka huohuo wa 1965 Kodak ilitoa filamu ya Super 8 iliyofungwa ndani ya kasha, ambayo hata mtoto aliweza kuichomeka katika kamera bila kuiharibu kwa mwanga. Kasha moja lilidumu dakika 3 na sekunde 20 tu. Ukilimaliza, ulilituma likasafishwe, ukasubiri. Kwa hiyo kundi la wanafunzi lilipaswa kukaa chini kwanza, kuchora kila picha, kubishana kamera isimame wapi, na kuamua kipi kiachwe. Mwaka 1968 Douglas Lowndes alichapisha Film Making in Schools, kitabu kilichowaonyesha walimu jinsi ya kuiendesha kazi hiyo.

Nguvu ya kazi hiyo ilionekana zaidi kwenye meza ya kuhariri. Mwongozaji wa filamu Mrusi, Lev Kuleshov, aligundua miaka mingi kabla ya hapo kwamba uso uleule wa mwigizaji, ukifuatishwa na sahani ya supu, unaonekana kuwa na njaa; ukifuatishwa na jeneza, unaonekana kuwa na huzuni. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili kipindi kizima na wanafunzi wakaliandika daftarini bila kuliamini. Lakini msichana wa miaka 14 aliyekata ukanda kwa mkono wake, akaunganisha picha ya mwalimu mkuu akitembea na picha ya watoto wakikimbia, na kuona ghafla mwalimu mkuu amekuwa mtu wa kutisha, hataitazama taarifa ya habari kwa macho ya jana. Ameshajua kwamba kati ya picha moja na nyingine kuna mtu aliyeamua.

Miaka ya 1970 iliwatenganisha wanadharia na walimu. Whannel alijiuzulu BFI mwaka 1971 katika mgogoro kuhusu kazi ya idara yake, akaenda kufundisha Marekani, na jarida la Screen, lililozaliwa kutoka chama cha walimu, likazama katika nadharia za Kifaransa ambazo mwalimu wa kawaida hakuweza kuzitumia Jumatatu asubuhi. Lakini nadharia nayo ilizaa tunda moja kubwa. Mwaka 1973 Hall, ambaye sasa alikuwa Chuo Kikuu cha Birmingham, aliandika kwamba anayetuma ujumbe na anayeupokea si lazima wakutane katika maana. Taarifa ya mgomo wa wafanyakazi inaweza kupokewa kama ilivyokusudiwa, inaweza kukubaliwa nusunusu, au inaweza kusomwa kinyume kabisa na mtu ambaye yeye mwenyewe amewahi kugoma. Mtazamaji dhaifu aliyewasumbua akina Leavis na Sellers akaondoka jukwaani. Mahali pake akasimama mtu mwenye akili na maisha yake.

Mwalimu na mwandishi Len Masterman aliyaleta haya darasani kupitia Teaching about Television mwaka 1980 na Teaching the Media mwaka 1985. Alichambua na wanafunzi taarifa za habari na hata matangazo ya mpira, akiuliza ni nani aliyeichagua picha hii na kwa faida ya nani. Kipimo cha somo, alisema, ni kama kijana ataendelea kuhoji siku mwalimu hayupo. Mwaka 1982 wajumbe wa nchi 19 walikutana Grünwald, Ujerumani Magharibi, chini ya UNESCO, wakatoa azimio la kutaka elimu ya vyombo vya habari itolewe kuanzia shule za awali hadi vyuo vikuu na kwa watu wazima. Mwaka 1987 jimbo la Ontario nchini Kanada liliifanya kuwa sehemu ya lazima ya somo la Kiingereza.

Kisha ikaja heshima, na heshima ilikuwa na bei yake. Mtihani wa GCSE ulipochukua nafasi ya CSE, ukifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1988, uhuru mkubwa wa mwalimu kujiandikia muhtasari ulianza kufungwa. Somo lilipanda hadi A-level, ngazi ya mwisho ya sekondari, na wanafunzi wakamiminika. Kejeli nazo zikamiminika. Magazeti yaliliita somo la wavivu, yakisahau kwamba lilikuwa likiwafundisha vijana kuyasoma magazeti hayohayo. Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Cambridge kililiweka katika orodha ya masomo yasiyomwandaa mwanafunzi vya kutosha kujiunga nacho. Mwaka 2017 mihutasari mipya ilianza kufundishwa Uingereza: asilimia 70 ya alama zikawekwa kwenye mitihani ya kuandika, na kazi ya mikono, yaani kutengeneza filamu, jarida au tovuti, ikashushwa hadi asilimia 30. Wanafunzi wanapewa orodha ya wanadharia wa kujifunza, na Stuart Hall yumo. Mtu aliyewasikiliza vijana waliofeli mtihani wa miaka 11 amekuwa swali la mtihani.

Wapo watakaosema ndivyo somo linavyokomaa. Mimi naona limekatwa mkono mmoja. Kumkaririsha kijana nadharia ya uhariri ilhali umempunguzia muda wa kuhariri ni kurudi kwenye chanjo ya 1933 kwa maneno mapya.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Nchini Kenya filamu imeingia katika tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, na kwa miaka sasa wanafunzi wa sekondari wanaandika, kuigiza na kuhariri filamu fupi za ushindani. Mwaka 2026 kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za juu chini ya mtaala wa umilisi. Humo somo la Teknolojia ya Vyombo vya Habari limewekwa katika mkondo wa sayansi na ufundi, na somo la Tamthilia na Filamu katika mkondo wa sanaa na michezo. Mgawanyo huo unanitia wasiwasi. Kijana wa mkondo mmoja anaweza kujua kamera bila kujifunza kuuliza picha inamtumikia nani, na mwenzake akajua kusimulia bila kugusa meza ya kuhariri.

Kwa hiyo neno langu ni kwa waandaaji wa mitaala na walimu wakuu, Kenya na kwa majirani zake watakaofuata. Msingoje studio. Simu moja inayomilikiwa na shule inarekodi na kuhariri kwa namna ambayo Gow na Lowndes hawakuiota. Wapeni wanafunzi watano simu hiyo, wawekeeni ukomo wa dakika tatu, watakeni wachore kila picha kabla ya kurekodi, kisha wakae mbele ya darasa wautetee kila mkato walioufanya. Na katika kutunga mtihani, nusu ya alama iwe ya kazi hiyo, isipungue.